LIKIZO YA UTUMISHI MREFU: NI NANI APANGAYE SIKU?

Ninyi mnaolisoma somo hili katika karatasi baada ya kulisikia katika redio, someni polepole. Kila mnapofika penye hesabu, simameni kwanza mkaifanye wenyewe, ubaoni au katika daftari.

Leo twataka kusema habari za likizo, ambayo wengi wetu twaiita livu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili tu. La kwanza ni NGAPI. La pili ni LINI.

Mfanya kazi akiuliza habari ya likizo yake, kwa kawaida huuliza neno la kwanza: nitapata siku ngapi? Akijibiwa, huridhika na kurudi kazini. Lakini neno la pili lina nguvu sawasawa na la kwanza. Mtu aweza kuandikiwa siku 60, lakini asipoambiwa ni lini, siku hizo ni kama nazi iliyo juu ya mnazi: ni mali yako, lakini huwezi kuila. Na mtu mwingine aweza kuambiwa ghafula, "Livu yako inaanza kesho," hali alikuwa akiiweka kwa ajili ya arusi ya binti yake mwezi wa nane. Huyu amepewa siku zake zote, wala hakupunguziwa hata moja, na hata hivyo amepata hasara.

Basi swali letu ni hili. Mtu amemtumikia tajiri mmoja miaka mingi, naye amestahili likizo ndefu. Ni nani apangaye siku za likizo hiyo? Ni yeye mwenyewe, au ni tajiri wake, yaani mwajiri? Tutalijibu kwa kutazama nchi ya Australia, kwa sababu huko likizo ya namna hii ilianza kuandikwa katika sheria zaidi ya miaka 150 iliyopita.

SAFARI YA KWENDA KWAO

Kama mna ramani ya dunia, wekeni kidole kimoja juu ya Uingereza na kingine juu ya Australia. Mwaona umbali ulivyo. Katikati ya karne ya 19 Australia haikuwa nchi moja. Yalikuwako makoloni kadha wa kadha ya Waingereza, na kila koloni lilikuwa na serikali yake. Makarani na maofisa wengi wa serikali hizo walikuwa wamezaliwa Uingereza, na wazee wao walikuwa bado huko.

Siku zile meli ya tanga ilichukua kama miezi mitatu kutoka Uingereza mpaka Australia. Mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa. Ulifunguliwa mwaka 1869. Basi fanyeni hesabu. Miezi mitatu ya kwenda na miezi mitatu ya kurudi ni nusu ya mwaka majini, kabla mtu hajakaa hata siku moja na mama yake. Likizo ya majuma mawili au matatu ingemfaa nini?

Kwa ajili hiyo, katika mwaka 1862 koloni la Victoria lilitunga sheria ya watumishi wa serikali. Ofisa aliyetumika miaka 10 mfululizo aliweza kupewa likizo ya miezi 12 kwa nusu mshahara. Alikwenda kwao, akarudi, akakuta kazi yake inamngoja. Koloni la Australia Kusini nalo lilifuata njia hiyo katika miaka hiyohiyo ya 1860.

Hata huku Afrika ya Mashariki, wakati wa ukoloni, ofisa wa Kizungu alipomaliza muda wake wa kazi alipewa livu ndefu ya kwenda kwao Ulaya. Mwafrika aliyembebea masanduku mpaka bandarini hakuwa na livu kama hiyo.

Sasa angalieni mambo mawili katika sheria ile ya mwaka 1862. Jambo la kwanza, iliwahusu watumishi wa serikali tu. Mfua chuma, mshona nguo na mchimba makaa hawakutajwa. Jambo la pili, sheria haikusema kwamba ofisa lazima apewe. Ilisema kwamba aweza kupewa. Maneno haya mawili, "lazima" na "aweza", yanafanana na mlango uliofunguliwa na mlango uliorudishwa. Likizo ile ilikuwa hisani ya wakubwa. Na kitu cha hisani, mwenye kukitoa ndiye apangaye siku yake.

WACHIMBA MAKAA WA MWAKA 1949

Miaka ikapita. Makoloni yale yakaungana mwaka 1901 yakawa nchi moja yenye majimbo. Watumishi wa serikali waliendelea na likizo yao ndefu, lakini watu wa viwandani na migodini walio wengi waliendelea kukosa.

Twende sasa katika mwaka 1949. Siku zile karibu kila kitu katika Australia kiliendeshwa kwa makaa ya mawe: umeme, gesi ya kupikia, magari moshi na viwanda. Wachimba makaa walidai mambo kadha wa kadha. Walitaka saa za kazi zipunguzwe ziwe 35 kwa juma, walitaka nyongeza ya mshahara, tena walitaka likizo ya utumishi mrefu. Mtu akaaye chini ya ardhi miaka kumi, akivuta vumbi la makaa, aliona kwamba naye anastahili kupumzika kama karani.

Tarehe 27 Juni 1949 wachimba makaa wapatao 23,000 waliacha kazi. Huko Juni ni majira ya baridi. Taa zikapunguzwa, gesi ikakatwa kwa saa nyingi, viwanda vikafungwa na watu wengi wasio wachimba makaa wakakosa kazi. Serikali ya siku hizo ilikuwa ya Chama cha Labour, ambacho chenyewe kilitokana na vyama vya wafanya kazi, na Waziri Mkuu alikuwa Ben Chifley. Hata hivyo serikali hiyo ilitunga sheria ya kuzuia fedha za vyama zisitumike kwa mgomo, na viongozi wa wafanya kazi wakatiwa jela. Mwezi wa Agosti askari wa jeshi walipelekwa migodini wachimbe makaa. Baada ya majuma saba, tarehe 15 Agosti, mgomo ulikwisha na watu wakarudi kazini.

Mgomo ule ulishindwa. Lakini mwaka huohuo wa 1949 likizo ya utumishi mrefu ya wachimba makaa iliwekwa katika sheria. Kila tani ya makaa ilitozwa ushuru, na fedha hiyo ikawekwa katika mfuko wa kulipia likizo. Faida ya mfuko ni hii: mchimba makaa akihama kutoka mgodi mmoja kwenda mgodi mwingine, miaka yake haipotei. Ni kama mtu anayehama nyumba na kibubu chake mkononi.

HISANI YAGEUKA KUWA HAKI

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Katika mwaka 1951 jimbo la New South Wales, ambalo mji wake mkubwa ni Sydney, lilitunga sheria ya kuwapa likizo hiyo watu wanaofanya kazi kwa matajiri wa kawaida, nje ya serikali. Aliyetumika miaka 20 kwa tajiri mmoja alipata miezi 3 yenye mshahara. Queensland likafuata mwaka 1952, Victoria 1953, Tasmania 1956, Australia Kusini 1957 na Australia Magharibi 1958. Kwa muda wa miaka saba tu majimbo yote sita yalikuwa yamekwisha kuandika.

Miaka ya kungoja nayo ikapunguzwa baadaye. Leo katika New South Wales mtu hutumika miaka 10 akapata miezi 2. Katika Australia Kusini miaka 10 humpa majuma 13. Katika Victoria, tangu sheria ya mwaka 2018 ilipoanza kutumika, mtu aweza kwenda likizo baada ya miaka 7, kwa kiasi cha juma 1 kwa kila majuma 60 aliyotumika. Hapo wahenga wetu wangesema, haba na haba hujaza kibaba.

Basi swali la NGAPI likapata jibu. Likabaki lile la LINI.

TAJIRI ATAKA HIVI, MFANYA KAZI ATAKA VILE

Tusimlaumu mmoja kabla ya kusikia maneno ya wote wawili. Tajiri husema, "Mimi nina waoka mikate watano. Wakienda likizo wote mwezi mmoja, mji utakula nini? Lazima mimi nipange." Maneno hayo yana ukweli ndani yake.

Mfanya kazi naye husema, "Nikimwachia tajiri apange peke yake, atafanya moja katika mambo mawili. Kazi ikiwa nyingi, ataniambia ngoja, ngoja, mpaka niwe mzee. Kazi ikiwa haba, atanisukuma niende upesi, ili nisikae bure kiwandani, hata kama siku hizo hazinifai kwa lo lote." Maneno haya nayo yana ukweli.

Sheria za Australia hazikumpa mmoja kila kitu. Zilimwachia tajiri neno la siku, mahali ambapo watu hawapatani, lakini zikalizungushia neno hilo ua. Ua huo una miti mitatu. Mti wa kwanza ni notisi: lazima amwambie mfanya kazi mapema. Mti wa pili ni kutokawia: sheria ya New South Wales husema likizo itolewe mapema iwezekanavyo baada ya kustahiliwa, kwa kuangalia mahitaji ya kazi. Mti wa tatu ni mahali pa kushtaki: asiyeridhika aweza kwenda mbele ya watu wenye mamlaka, wala hamalizi shauri lake mlangoni pa ofisi ya tajiri.

TUFANYE HESABU YA NOTISI

Urefu wa notisi haulingani katika kila jimbo. Andikeni hivi:

New South Wales: mwezi 1.
Australia Kusini: siku 60.
Victoria: majuma 12, tena kwa maandishi.
Queensland: miezi 3, kwa maandishi, na likizo yenyewe isipungue majuma 4.

Sasa tuseme kuna mama mmoja ashonaye nguo katika kiwanda. Tarehe 1 Machi apata barua ya tajiri: "Likizo yako ndefu itaanza tarehe 1 Aprili." Je, barua hiyo ni halali?

Kama kiwanda kiko Sydney, katika New South Wales, kutoka tarehe 1 Machi mpaka tarehe 1 Aprili ni mwezi mmoja. Notisi imetosha.

Kama kiwanda kiko Australia Kusini, hesabuni siku 60. Mwezi wa Machi una siku 31, kwa hiyo tarehe 1 Aprili tumekwisha hesabu 31. Zimebaki 29, nazo zatufikisha tarehe 30 Aprili. Tarehe aliyoiweka tajiri ni ya mapema mno.

Kama kiwanda kiko Melbourne, katika Victoria, majuma 12 ni siku 84. Machi yatupa 31, Aprili yatupa 30, jumla 61. Zimebaki 23, nazo zatufikisha tarehe 24 Mei. Tajiri hawezi kumlazimisha kuondoka kabla ya siku hiyo. Na katika Queensland, miezi 3 yatufikisha tarehe 1 Juni.

Mwaona, wasikilizaji? Barua ni ileile, mama ni yuleyule. Lakini mahali pamoja barua ni halali, na mahali pengine si halali. Asiyejua sheria ya mahali pake hawezi kutambua tofauti. Na asiyejua kusoma tarehe hawezi hata kuanza kuuliza.

MFANYA KAZI AKIWA NDIYE AOMBAYE

Tusidhani kwamba tajiri peke yake ndiye aanzaye kusema. Katika Victoria, mfanya kazi aliyestahili akiomba likizo, tajiri hana budi kumpa mapema iwezekanavyo, isipokuwa akiwa na sababu ya kweli ya kazi yake ya kumkatalia. "Sitaki" si sababu. Mfanya kazi aweza pia kuomba siku chache chache, hata siku moja.

Na ikiwa tajiri ndiye aliyeamuru, na mfanya kazi aona amri hiyo haimfai, katika jimbo hilo aweza kupeleka shauri mbele ya mahakama ya hakimu, katika idara yake ya mambo ya kazi. Huko ataeleza kwa nini siku hizo hazimfai, na mahakama ndiyo itakayokata shauri.

Je, tajiri akichelewesha, mpaka mtu akaacha kazi? Huko Victoria, aliyetimiza miaka 7 akiacha kazi hulipwa fedha ya likizo yote ambayo hakuichukua. Lakini maadamu yupo kazini, sheria hairuhusu kumpa fedha badala ya likizo, kwa maana kusudi la likizo ni mtu apumzike. Na kwa watu ambao kazi zao huhamahama, kama wafagiaji wa maofisi na walinzi, Victoria lilianzisha mwaka 2019 mpango wa kuhesabu miaka yao hata wakibadili tajiri. Mnakumbuka mfuko wa wachimba makaa? Hiyo ni fikira ileile, baada ya miaka 70.

Katika mwaka 2020 ulipoenea ugonjwa wa korona, kazi nyingi zilisimama. Jimbo la New South Wales likabadili sheria yake kidogo, ili likizo ndefu iweze kuanza bila kungoja mwezi mzima, na kukatwa vipande vifupi. Lakini lilitia sharti moja: mfanya kazi akubali. Hata wakati wa shida, neno "akubali" halikufutwa.

NA SISI JE?

Swali la LINI si la Australia peke yake. Huku kwetu liko katika likizo ya kila mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, humpa mfanya kazi siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Tajiri aweza kupanga siku zianze lini. Lakini naye amewekewa ua: likizo isichelewe kupita miezi 6 baada ya mzunguko kwisha. Aweza kuifikisha miezi 12 ikiwa mfanya kazi amekubali, na mahitaji ya kazi yawe ni ya kweli. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi siku za kazi zisizopungua 21 kwa kila miezi 12 ya utumishi mfululizo.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tajiri ndiye apangaye, basi huna neno," ujue amesema nusu tu ya habari. Ni kweli aweza kupanga. Lakini hupanga ndani ya ua, na ua huo umeandikwa.

UKIPATA BARUA YA LIKIZO

Basi, ndugu zangu, siku utakapopewa barua ya likizo, usitie sahihi wala dole gumba mpaka umesoma mambo manne. Kwanza, tarehe ya barua yenyewe, kwa sababu notisi haihesabiki bila tarehe. Pili, siku ya kuanza na siku ya kurudi. Tatu, ni likizo ya miaka gani, na zimebaki siku ngapi. Nne, habari ya mshahara wako wa siku hizo.

Kama siku hazikufai, jibu kwa barua, kwa adabu, ueleze sababu yako na utaje siku nyingine. Weka nakala yako nyumbani. Kama hamkupatana, nenda kwa chama chako cha wafanya kazi au kwa ofisa wa kazi wa serikali, ukiwa na barua zote mbili mkononi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku za mapumziko ni mali.

Ofisa wa mwaka 1862 alingoja mkubwa wake apende. Wachimba makaa wa mwaka 1949 waliona baridi na njaa. Mama wa kiwanda cha leo ana sheria, lakini sheria hiyo imo katika karatasi, na karatasi haisemi mpaka isomwe. Ndiyo sababu moja iliyowaleta ninyi darasani jioni hii, baada ya kazi ya kutwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini maofisa wa Victoria walihitaji likizo ya miezi mingi katika mwaka 1862?
2. Elezeni tofauti ya hisani na haki. Toeni mfano mmoja kutoka katika kazi zenu.
3. Barua imeandikwa na kupokewa tarehe 1 Septemba katika Australia Kusini. Likizo yaweza kuanza tarehe gani?
4. Kikundi kimoja kiseme maneno ya tajiri mwenye waoka mikate, na kikundi cha pili kijibu kwa niaba ya waoka mikate. Tafuteni mapatano.
5. Kila mmoja aandike barua fupi ya kuomba likizo ianze siku nyingine, yenye tarehe na sababu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.